Daluga zinazong'ang'ania zinatumalizia vijana

Jumapili moja nilikuwa kwenye mechi ya mtaani, uwanja wa nyasi bandia, jua kali la saa tisa. Winga mmoja, kijana wa miaka kama 19, alipokea mpira pembeni, akamhadaa beki, akataka kukata kuingia ndani. Mwili ukageuka. Mguu haukugeuka. Akaanguka chini ameshika goti, na hakuna aliyemgusa.

Jukwaani tukacheka. "Anajirusha huyo, apewe kadi!" Na mimi nilicheka, sitaficha.

Kicheko kiliisha tulipomuona anabebwa mgongoni na mwenzake, maana machela haikuwepo. Kiatu chake kimoja kilibaki pembeni ya mstari. Nilikigeuza nikatazama chini. Meno marefu ya chuma, yale ya kukaza kwa spana. Kiatu cha mtumba, kilichotengenezwa kwa ajili ya nyasi zilizolowa mvua za Ulaya, kilikuwa kinachezewa kwenye kapeti kavu la Dar es Salaam.

Tangu siku hiyo nimekuwa na hoja moja ambayo naona hatuizungumzi kabisa kwenye soka letu. Sote tunataka daluga inayoshika chini, mchezaji asiteleze. Sawa. Lakini daluga nzuri ni ile inayoshika na pia inajua kuachia. Isipoachia yenyewe, kitakachoachia ni goti.

Walioanza kulihangaikia jambo hili mapema hawakuwa watu wa soka. Ni watu wa theluji. Najua mtashangaa theluji inatafuta nini kwenye kurasa hizi, ila nivumilieni kidogo.

Kwenye mchezo wa ski mtu anafungwa mbao mbili ndefu miguuni na kuteremka nazo mlimani kwa kasi. Buti linashikwa kwenye ubao na kifaa maalumu, tukiite kishikizo. Sasa fikiria ubao umekwama kwenye theluji huku mwili unaendelea kuzunguka. Ule ubao mrefu unageuka kuwa wenzo, unausokota mguu kama mtu anavyokamua nguo. Mwaka 1937 Hjalmar Hvam, Mnorwe aliyekuwa akiishi Marekani, alivunjika mguu kwenye mlima Mount Hood, jimbo la Oregon. Wakati anauguza mguu huo ndipo alipobuni kishikizo kinachofyatuka chenyewe nguvu ikizidi. Leo anayeteremka kwa ski za kawaida haondoki dukani hivi hivi. Fundi anaangalia uzito wake, urefu, umri, ujuzi na urefu wa soli ya buti, kisha anaweka namba ya nguvu ambayo kishikizo kitafyatuka.

Ila kuna ndugu zao wanaocheza mtindo wa telemark, uliopewa jina la eneo la Telemark huko huko Norway. Wao kisigino kiko huru, buti limeshikwa mbele tu, na wanakata kona kwa kukunja goti hadi karibu na theluji. Vishikizo vyao vingi kwa miaka mingi havikuwa na mfumo wa kufyatuka. Wengi waliamini kisigino kikiwa huru basi mguu uko salama. Sivyo. Kisigino huru kinasaidia ukianguka kwenda mbele, lakini ubao ukikwama na mwili ukizunguka, mguu bado umefungwa na goti ndilo linalolipa. Siku hizi vipo vya telemark vinavyofyatuka, na bado wapo wanaobaki na vile vya zamani kwa mazoea.

Mazoea. Hapo ndipo ninapotuona na sisi.

Maana mguu wa winga wetu ulifanya kitu kile kile. Meno ya daluga yalizama kwenye kapeti yakang'ang'ania, kiwiliwili kikaenda kulia, goti likabaki kati. Ligamenti ya goti, ile mnayoijua kwa jina la ACL, mara nyingi inachanika hivyo: mchezaji anakata kona, anafunga breki au anatua kutoka juu, bila kugongwa gotini moja kwa moja. Kisha ni miezi sita, tisa, wakati mwingine mwaka mzima nje. Rodri wa Manchester City aliumia Septemba 2024 dhidi ya Arsenal, akapanda jukwaani kuchukua Ballon d'Or kwa magongo. Yeye alikuwa na klabu tajiri na madaktari bora duniani. Winga wa mtaani ana mama yake na dawa ya kuchua.

Na hili la kiatu si maneno ya kijiweni. Mwaka 1971 watafiti Joseph Torg na Theodore Quedenfeld walichapisha kazi yao juu ya wanafunzi wa sekondari wa Philadelphia wanaocheza mpira wa Kimarekani. Wachezaji walipoacha viatu vyenye meno machache marefu na kuvaa vyenye meno mengi mafupi, majeraha ya goti yalipungua. Mnajua vile viatu vipya vilikuwa vya aina gani? Vya soka! Baadaye wakatengeneza hadi kipimo cha namna kiatu kinavyoachia chini. Mwaka 1996 ukaja utafiti mwingine wa wachezaji 3,119 wa sekondari huko huko Marekani. Kiatu chenye meno marefu yaliyopangwa pembezoni mwa soli ndicho kilichong'ang'ania zaidi kikizungushwa, na waliokivaa ndio waliochanika ACL kwa kiwango kikubwa zaidi.

FIFA nao wanalijua hili. Nyasi bandia zinapopimwa kwa ajili ya cheti chao, kimojawapo cha vipimo ni nguvu inayotakiwa kuzungusha kiatu juu ya kapeti. Ikiwa ndogo sana wachezaji watateleza, ikiwa kubwa sana watanaswa. Kwa hiyo kapeti linapimwa. Kiatu kinachokanyaga kapeti hilo nani anakipima?

Kwetu hakuna. Sheria namba 4 inasema mchezaji asivae kitu cha hatari, na mwamuzi anapokagua daluga anatafuta jino lenye makali litakalomchana mwenzake. Ni sahihi, aendelee. Lakini hatari ya kiatu kwa mwenye kiatu haina mkaguzi. Na nyasi bandia tunazo: Kaitaba kule Bukoba, Nyamagana kule Mwanza, Karume pale Ilala, na viwanja vya kukodi kwa saa vinazidi kuota mijini. Kijana huyo huyo Jumamosi anacheza kwenye kapeti, Jumapili mchangani, kwa jozi moja ya viatu.

Nisieleweke vibaya. Kiatu peke yake hakichani goti. Hata kwenye ski, vishikizo vinavyofyatuka vilipunguza sana kuvunjika kwa miguu, lakini magoti yaliendelea kuumia, kwa sababu vilitengenezwa kulinda mfupa wa mguu kuliko ligamenti. Kwa hiyo mwili nao unatakiwa uandaliwe. Mazoezi ya kupasha misuli ya FIFA 11+ yanachukua dakika 20 na hayahitaji kifaa zaidi ya mpira. Yalipojaribiwa kwa wasichana wa Norway wa miaka 13 hadi 17, majeraha kwa jumla yalipungua karibu theluthi moja. Nimetaja wasichana makusudi, maana hatari ya ACL kwa wanawake ni kubwa kuliko kwa wanaume. Beth Mead, Leah Williamson na Vivianne Miedema, wote wakiwa Arsenal wakati huo, walikosa Kombe la Dunia la 2023 kwa jeraha hilo.

Tufanye nini? Tuanze na mambo yasiyohitaji bajeti.

Mchezaji, kabla hujamlipa muuza mtumba, geuza kiatu. Kikiandikwa SG ni cha uwanja laini wenye maji, FG ni cha nyasi za asili zilizo kavu, AG ni cha nyasi bandia, na TF ni kile chenye vijino vifupi vingi vya mpira. SG ya meno ya chuma isikanyage kapeti hata kama umepewa bure. Bei za AG na TF hazipishani sana na hicho unachokitaka kwa sababu ya rangi.

Mwenye uwanja, weka bango getini na umkatalie anayeingia na meno ya chuma. Utaokoa magoti na kapeti lako pia.

Waandaaji wa ndondo, kwenye kikao cha kabla ya mechi mnakagua jezi na leseni. Ongezeni kiatu, itawachukua dakika mbili. Na makocha, acheni ule utaratibu wa kuzunguka uwanja mara mbili halafu mechi inaanza.

Sisi mashabiki tunabaki na deni letu. Yule winga alikuwa mzuri, mguu wake wa kushoto ulikuwa unaongea. Sijamuona uwanjani tena. Siku nyingine kijana akianguka bila kuguswa, tusikimbilie kusema anajirusha. Kwanza tuangalie amevaa nini.