Mafundi, acheni kuzima faiawoli!

Sumbawanga baridi ni ile ile, lakini leo siongelei baridi. Naongelea tabia moja ya mafundi wetu wa kompyuta ambayo imenichosha.

Juzi nilikuwa kwenye steshenari moja hapa mjini, nasubiri kuprinti. Mbele yangu kijana kutoka Matai, cheti chake cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA kiko kwenye flashi, anataka kujaza maombi ya Bodi ya Mikopo. Kuchomeka flashi, mafolda yote yamegeuka shotikati. Kirusi. Kuangalia antivairasi ya duka, haijapata apdeti siku nyingi na ukiibonyeza inagoma. Akaitwa fundi. Hakuuliza lolote: "Faiawoli inagombana na antivairasi, zima hiyo." Ikazimwa. Apdeti ikagoma vilevile, fundi akaenda zake. Na hiyo ndiyo kompyuta ambayo watu wanaandikia namba za mitihani na nywila zao!

Jamani, faiawoli ya Windows, tangu ilipoanza kuja ikiwa imewashwa kwenye XP SP2 mwaka 2004, kazi yake kubwa ni kuzuia wanaobisha hodi kutoka nje. Programu iliyo ndani ikitoka kwenda kuomba kitu, kwa kawaida inaachwa ipite, na jibu lake linaruhusiwa kurudi. Antivairasi inapofuata apdeti, inatoka yenyewe. Kwa hiyo, kama hakuna mtu aliyechezea mipangilio, faiawoli hiyo unaizima bure.

Ugomvi wa kweli upo, sikatai. Unatokea pale mtu anapoweka antivairasi ya pili yenye faiawoli yake, ya majaribio, muda ukaisha akaiacha humo humo. Au faiawoli hiyo iliuliza "niruhusu au nizuie?" na mtu mwenye haraka akabonyeza zuia. Dawa ni kuingia kwenye orodha ya programu, kuiruhusu ile ya apdeti, na kuondoa kabisa mojawapo ya hizo mbili. Ukitaka kujaribu kwa kuzima, chomoa flashi, zima dakika mbili, jaribu, washa. Apdeti ikigoma hata hapo, faiawoli haina kosa, tafuta kwingine.

Kwingine ni wapi? Wakati mwingine ni kirusi chenyewe. Mnaikumbuka Conficker? Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lile tarehe 23 Oktoba 2008, na mdudu akaonekana Novemba. Waliokuwa hawajaweka kiraka walikiona. Alikuwa akihama kwa mtandao na kwa flashi, na akishaingia anaziba njia ya kwenda kwenye tovuti za kampuni za antivairasi. Mtu anaona apdeti imegoma, anazima faiawoli, kumbe anamfungulia mlango mwenzake wa yule aliye ndani.

Na mara nyingine ni jambo dogo mpaka aibu. Pale dukani nilimwambia dada wa kaunta, "Hebu angalia tarehe hapo pembeni." Ilikuwa Januari 2015! Betri ndogo ya ubaoni, ile kama sarafu, ilikuwa imekufa, umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka. Apdeti hupitia njia salama yenye vyeti vya kidijitali, na cheti cha mwaka huu kwa kompyuta iliyoko 2015 ni cheti ambacho bado hakijaanza kutumika. Inakataa. Tukarekebisha tarehe, apdeti ikaanza kushuka. Polepole, maana bando lilikuwa la simu, lakini ikashuka.

Wenye kompyuta tano na bando moja, Microsoft wanalo faili la apdeti za Defender, mpam-fe.exe. Unalipakua mara moja, unazungusha kwa flashi safi.

Najua fundi atasema wateja wako foleni. Sawa, lakini kutazama saa kunachukua sekunde ngapi?

Faiawoli niliiwasha mwenyewe kabla sijaondoka. Mafaili ya yule kijana hayakuwa yamepotea, kirusi kilikuwa kimeyaficha tu. Fomu yake aliimaliza saa kumi na moja jioni, akakimbilia stendi kuwahi gari la Matai.