Kasi si Pupa

Wahenga walituasa kwamba haraka haraka haina baraka. Hata hivyo, yupo bingwa mmoja wa sataranji ambaye mtu akimtazama kwa mara ya kwanza atadhani amekuja kuikanusha methali hiyo. Huyo ni Hikaru Nakamura wa Marekani, aliyezaliwa Japani mwaka 1987, ambaye michezo yake ya kasi katika intaneti kijana wa visiwani anaweza kuitazama kwa simu yake akiwa barazani.

Katika michezo hiyo kila mchezaji hupewa dakika 3, au hata dakika 1 tu, kwa mchezo mzima. Muda ukimwishia, kwa kawaida huwa ameshindwa hata kama jeshi lake ndilo lenye nguvu zaidi. Hapo ndipo umahiri wa Nakamura unapodhihirika. Hapotezi muda kutafuta hatua iliyo bora kuliko zote. Huridhika na iliyo njema na salama, akaicheza papo hapo. Pale ambapo wengine wangekubaliana sare, yeye huendelea kumsumbua mwenziwe kwa vitisho vidogo vidogo, mpaka yule aliyebakiwa na sekunde chache akosee. Tena huiagiza kompyuta hatua yake kabla ya mpinzani kucheza. Akibashiri sawasawa, muda wake haupungui ila kidogo mno. Akibashiri vibaya, huweza kumpoteza malkia bure.

Kwa mtindo huo alitwaa ubingwa wa mashindano ya Speed Chess Championship mara 5 mfululizo, kuanzia 2018 hadi 2022, mpaka Magnus Carlsen wa Norway alipomshinda katika fainali ya 2023. Wapo wanaosema kwamba ushindi wa saa si ushindi. Sisi hatukubaliani nao. Saa ni sehemu ya kanuni, na wachezaji wote wawili huikubali kabla ya mchezo kuanza.

Lakini liko kosa jingine lililo kubwa zaidi, nalo ni kuamini kwamba kasi ile hupatikana kwa kucheza upesi upesi tu. Nakamura alilelewa na baba wa kambo aliye mwalimu wa sataranji, Sunil Weeramantry. Mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 10, alifikia daraja la ustadi nchini Marekani, na mwaka 2003, akiwa na miaka 15, akatunukiwa cheo cha grandmasta. Vyeo hivyo hupatikana kwa kukaa mbele ya ubao saa nyingi, kushindwa, na kurudi kuchunguza ulipokosea. Kwa hiyo anachokitoa katika dakika 1 ni akiba ya miaka mingi. Ushahidi ni kwamba mwaka 2022 alirejea katika mashindano ya michezo mirefu, akawa mshindi wa jumla wa FIDE Grand Prix, na kupata nafasi miongoni mwa wachezaji 8 walioshindania haki ya kupambana kwa ajili ya ubingwa wa dunia.

Basi methali ya wahenga ingali imesimama. Kinachokosa baraka ni pupa ya asiyejitayarisha. Hilo linawahusu pia watumishi wa umma, kwani afisa anayeweza kuamua upesi na kwa haki ni yule aliyekwisha kulisoma jalada kabla ya mwananchi kufika mlangoni.

Tunawaomba viongozi wanaohusika na elimu na michezo kulitafakari jambo hili. Iwapo sataranji itapewa nafasi katika skuli zetu, ianze kwa ubao, mwalimu na mchezo wa saa nzima. Simu na mchezo wa dakika 1 vifuate baadaye, kijana akishajua kwa nini alishindwa jana.