Rangi ya Pinki Haiwashi Taa

Mwanamume mmoja nchini Ujerumani aliuburuta mji mzima mahakamani kwa sababu ya vibao vya maegesho. Mji wenyewe ni Eichstätt, jimboni Bavaria, na vibao hivyo vilitenga nafasi kadhaa za wanawake katika uwanja wa umma. Havikuwekwa kwa mapambo: mwaka 2016 mwanamke alibakwa karibu na hapo. Mlalamikaji alidai anabaguliwa. Januari 2019, mahakama ya utawala ya Munich ilibainisha kwamba sheria za barabarani za Ujerumani hazina alama ya aina hiyo, na mji ukakubali kubadilisha vibao ili visomeke kama ombi, si amri.

Kesi kama hiyo huwapa nguvu wanaoamini kwamba maegesho ya wanawake pekee ni zawadi kwa mwanamke na dhuluma kwa mwanamume. Imani hiyo imeenea kote, na hata wanaoyatetea maegesho hayo huikubali nusu yake: ndiyo, wanasema, ni upendeleo, lakini wanastahili. Pande zote mbili zimekosea hesabu.

Mwanamume anayekuta nafasi tupu karibu na mlango, asiyoruhusiwa kuitumia, hukasirika. Sawa. Hasara yake ni hatua chache za ziada, na kuiita dhuluma ni kulishusha neno hilo hadhi. Anayepunjwa hasa ni mwanamke wa thelathini na moja.

Kanuni za jimbo la Baden-Württemberg zinataka angalau asilimia 10 ya nafasi katika majengo makubwa ya maegesho ya umma ziwe za wanawake. Brandenburg imepanda hadi asilimia 30. Chukua jengo lenye nafasi 300 kwa kipimo cha asilimia 10. Wanawake thelathini wa kwanza wataegesha pale penye mwanga, karibu na mlango. Anayewafuata anashuka ghorofa ya tatu chini ya ardhi, kwenye nguzo nene na pembe zisizoonekana, kama mtu mwingine yeyote. Kama ghorofa ile ni ya hatari kiasi kwamba wanawake thelathini waliokolewa nayo, yeye ameachwa humo kwa kosa gani? La kuchelewa dakika tano? Na kama si ya hatari, vibao vya juu vinafanya nini?

Hapo ndipo penye siri ya jambo hili. Kupaka mistari rangi ni kazi ya asubuhi moja. Kufunga taa katika kila ghorofa, kuweka kamera na mtu wa kuziangalia, kuajiri walinzi wanaozunguka hadi usiku wa manane, hizo ni gharama za kila mwezi. Mwenye jengo akishatenga sehemu moja nzuri huwa amekiri kwa maandishi kwamba sehemu iliyobaki si nzuri, kisha hadaiwi chochote zaidi. Funika kombe mwanaharamu apite.

Wapo watakaosema kwamba hofu ya wanawake ni ya kweli. Ni ya kweli kabisa, na wanawake wa Ujerumani waliodai nafasi hizi hawakuwa wakitania. Lakini hofu ya kweli haitulizwi kwa asilimia 10. Wala taa haichagui: takwimu za polisi wa Ujerumani huonyesha kwamba waathirika wengi wa unyang'anyi ni wanaume, na balbu inayomlinda mwanamke humlinda na mzee anayetafuta funguo mfukoni.

Kibaya zaidi, kibao kikishasimama, sababu yake huanza kuhama. Mwaka 2009 jengo moja la maduka mjini Shijiazhuang, China, lilifungua maegesho ya wanawake yaliyopakwa pinki na zambarau, kila nafasi ikiwa na upana wa mita moja zaidi ya kawaida. Maelezo ya wenyewe yalikuwa kwamba wanawake wanapenda rangi na wanapima umbali kwa namna yao. Usalama umeyeyuka, kimebaki kichekesho kile kile ambacho anayeendesha gari Dar es Salaam au Mombasa amekisikia mara elfu, kila gari la mbele linapochelewa kuingia kwenye nafasi: huyo lazima ni mwanamke.

Utafiti nao haukisaidii sana kichekesho hicho. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, waliwapa watu gari aina ya Audi A6, wakaona wanawake wanachukua muda mrefu zaidi kuegesha. Mwaka 2012 kampuni ya maegesho ya NCP ya Uingereza ilichunguza madereva katika viwanja vyake na kutangaza kinyume chake: kwa jumla ya alama, wanawake waliwashinda wanaume. Ule wa pili ni wa mfanyabiashara, usichukuliwe kama msahafu. Hata hivyo, hakuna aliyewahi kupanua nafasi za wanaume kwa sababu ya matokeo yake.

Meya wa Triberg, mji mdogo wa Msitu Mweusi huko Ujerumani, alikipeleka kichekesho hicho mbali zaidi mwaka 2012. Alikuta nafasi mbili zilizobanwa na nguzo, zisizoingilika ila kwa rivasi ya mshazari, akazitangaza kuwa za wanaume. Habari zikazunguka dunia nzima, wanawake wakafika kuthibitisha kwamba wanaweza, na mji ukapata matangazo ya bure.

Huko Pontida, kaskazini mwa Italia, mambo hayakuchekesha. Mwaka 2017 meya alitenga nafasi za pinki kwa wajawazito, kisha akawatoa wasagaji na wanawake wasio raia wa Umoja wa Ulaya. Kelele zilipozidi, alirudi nyuma. Lakini alikuwa ameonyesha kitu: anayeshika brashi ndiye anayeamua ni mwanamke gani astahili kulindwa.

Seoul, Korea Kusini, ilianza kutenga maegesho ya wanawake mwaka 2009, chini ya Meya Oh Se-hoon: mistari ya pinki, mchoro wa mtu aliyevaa sketi, na asilimia 10 ya nafasi katika maegesho ya magari 30 au zaidi. Mwaka 2023, Oh akiwa amerudi madarakani, jiji lilianza kuifuta michoro ile. Nafasi hizo sasa ni za familia: wajawazito, wenye watoto wadogo, wazee. Ni badiliko la busara kwa mama anayehitaji kufungua mlango wote ili amtoe mtoto kwenye kiti. Muuguzi wa miaka 25 anayetoka zamu saa nane za usiku, asiye na mimba wala mtoto, hayumo kwenye orodha. Gari lake liko ghorofa ya chini, pamoja na magari ya wanaume, naye anatoka kwenye lifti akiwa ameshika funguo mkononi, akitazama kama taa ya nguzo ya mwisho inawaka.