Mgeni, Beba Chandarua Chako

Mavuno yakiisha wengi wetu huenda kuwatembelea jamaa. Ukitoka kwenye baridi ya Makete kushuka Kyela, beba chandarua. Wapo wasemao kwamba mgeni wa namna hiyo anamdharau mwenyeji wake. Mimi sikubali. Huenda mwenyeji ana kimoja tu. Akikupa wewe, watoto wake watalala bila kinga.

Mbu wa malaria huuma usiku. Mwili wa mtu wa milimani haujazoea malaria, nayo humshika kwa nguvu. Chomeka chandarua chini ya mkeka au godoro. Mama mjamzito na watoto wadogo wasikose nafasi ndani yake.

Ukipata homa, hata wiki mbili baada ya kurudi, nenda zahanati upimwe damu. Mwambie mganga kwamba ulikuwa Kyela.