UCHAMBUZI: Wakubwa kazini Mombasa wasitie sahihi mikataba gizani

MENEJA wa kampuni kisiwani Mombasa anapoitwa ghafla na wakurugenzi na kukabidhiwa barua ya kuachishwa kazi, mara nyingi huwa mpweke kuliko kuli anayepakua shehena katika gati za Kilindini. Kuli ana chama cha kumtetea na mkataba wa pamoja uliojadiliwa kwa niaba yake. Meneja ana karatasi aliyoitia sahihi miaka mingi iliyopita, pengine bila kuisoma hadi ukurasa wa mwisho.

Hali hii ni kinaya katika mji huu. Mombasa ndiyo iliyoifunza nchi maana ya kujadiliana na mwajiri. Mgomo mkuu wa Januari 1947 ulisimamisha shughuli za kisiwa, na ule wa makuli wa 1955 ulimpatia marehemu Tom Mboya sifa ya mpatanishi alipokuwa kijana tu. Tangu hapo mfanyakazi wa chini alielewa kwamba mshahara na masharti ya kazi hujadiliwa. Waliopanda ngazi hadi afisi za juu ndio waliosahau somo hilo, wakadhani cheo ni kinga tosha.

Ukweli ni kwamba cheo hakimkingi mtu. Katika Halmashauri ya Bandari Kenya (KPA), Bw Gichiri Ndua aliondolewa uongozini mnamo 2016. Bi Catherine Mturi-Wairi aliyemrithi aliondolewa 2018, naye Dkt Daniel Manduku aliyefuata akajiuzulu Machi 2020. Wakurugenzi wakuu watatu katika muda wa takriban miaka minne! Kila mmoja aliondoka kwa sababu zake, na si nia ya makala haya kuzipima. Lililo wazi ni kwamba kiti cha juu hutikisika, na anayekikalia anafaa kujua mapema ataondoka vipi na ataondoka na nini.

Katika kampuni za kibinafsi, misukosuko imekuwa mikubwa vilevile. Agosti 2019 serikali iliagiza mizigo yote inayoelekea bara isafirishwe kwa reli ya kisasa, na kampuni za malori, za maghala na za uwakala wa forodha mjini zikayumba. Mwaka uliofuata janga la corona lilifunga hoteli za Pwani. Mnamo Septemba 2022 serikali mpya ilitangaza kurejesha shughuli za kutoa mizigo Mombasa, lakini kazi haikuwa imewasubiri wote waliokuwa wameipoteza. Wengi waliopunguzwa hawakuwa vibarua pekee. Walikuwamo mameneja na wahasibu wakuu waliokaribia umri wa kustaafu, wanaokaa katika nyumba ya kampuni, wanaoendesha gari la kampuni na ambao watoto wao hutibiwa kwa bima ya kampuni. Barua moja huweza kuwaondolea yote hayo kwa siku moja.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya 2007 haimbagui mkubwa wala mdogo. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, au malipo badala yake. Iwapo nafasi yake inafutwa, sharti yeye mwenyewe na afisa wa leba waarifiwe kwa maandishi angalau mwezi mmoja kabla, alipwe siku za likizo alizobakisha, kisha apewe malipo ya kupunguzwa kazi yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha.

Neno la kuzingatia hapo ni “yasiyopungua”. Sheria imeweka sakafu; dari huwekwa na mkataba. Hakuna kinachozuia meneja kuomba notisi ya miezi mitatu au sita, au siku 30 kwa kila mwaka badala ya 15. Lakini ombi hilo huwa na nguvu siku ile kampuni inapomhitaji, si siku inapotaka kuachana naye.

Tuchukue mfano wa meneja anayelipwa Sh400,000 kwa mwezi, aliyehudumu miaka 12. Kwa kima cha chini cha sheria, anastahili mshahara wa siku 180. Ikiwa mshahara wa mwezi utagawanywa kwa siku 30, atapata Sh2.4 milioni. Ukigawanywa kwa siku 26 za kazi, atapata takriban Sh2.77 milioni. Tofauti ni zaidi ya Sh369,000, na inatokana na mstari mmoja tu ambao haukuandikwa katika mkataba. Bado hatujauliza iwapo mshahara unaokusudiwa ni ule wa msingi au ni pamoja na marupurupu ya nyumba na gari. Mambo kama haya ndiyo huwapeleka watu mahakamani kwa miaka.

Aidha, sheria inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake, amsikilize akiwa pamoja na mwenzake kazini au mwakilishi wa chama, na aweze kuthibitisha sababu ya kumwachisha kazi. Akishindwa, mahakama ya masuala ya ajira na leba yaweza kumwamuru alipe fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12. Hii ina maana kwamba hata ushindi mkubwa una mpaka wake. Aliyebakisha miaka miwili katika mkataba wa miaka mitatu asidhani kwamba atalipwa miaka yote miwili kwa sababu tu alionewa. Akitaka kinga zaidi ya hiyo, aiandikishe mapema. Kadhalika, akumbuke kuwa ana miaka mitatu pekee ya kuwasilisha kesi, na kwamba mazungumzo ya kirafiki na mwajiri wa zamani hayasimamishi saa hiyo.

Hatari kubwa zaidi huwa katika hati ya mwisho. Mfanyakazi huonyeshwa hundi, kisha huambiwa atie sahihi karatasi inayosema amepokea haki zake zote na hatadai chochote tena. Mnamo 2013, katika kesi iliyohusu kampuni ya Thomas De La Rue, Mahakama ya Rufani ilisema hati kama hiyo peke yake haiwezi kumwondolea mwajiri wajibu aliowekewa na sheria, wala kuizuia mahakama kuchunguza iwapo mtu aliachishwa kazi kwa haki. Waliofurahia uamuzi huo walikumbushwa mwaka wa 2018 wasilegee. Katika kesi ya kampuni ya soda ya Coastal Bottlers ya hapa Mombasa, mahakama iyo hiyo ilisema kila hati hupimwa kwa mazingira yake, na kwamba aliyekubali kwa maandishi kuwa malipo hayo ni ya mwisho alikuwa amefungwa na makubaliano yake.

Funzo ni dhahiri. Sahihi iliyotiwa kwa pupa yaweza kugharimu kesi nzima. Anayepewa hati hiyo asikatae kwa hasira wala asikubali kwa hofu. Aombe siku chache na aipeleke kwa wakili.

Na wakili hahitajiki kwa ajili ya kwenda kortini pekee. Kazi yake muhimu zaidi hufanyika kabla ya ugomvi: kuuliza ni makosa gani yanayohesabiwa kuwa ya kumfuta mtu papo hapo, bonasi ya mwaka italipwaje mtu akiondoka katikati ya mwaka, bima ya matibabu itaendelea hadi lini, na kama kuna kifungu kinachomzuia kufanya kazi kwa mshindani. Kifungu cha namna hiyo chaweza kubatilishwa na korti kikiwa cha kupita kiasi, ila ni nafuu kukipunguza makali mapema. Kuhusu gharama, mteja aulize ada mwanzoni na aiandikishe. Sheria ya Mawakili haitambui mapatano ya wakili kulipwa endapo tu kesi itashinda, kwa hivyo anayetoa ahadi hiyo aepukwe.

Wapo watakaosema kwamba kwenda na wakili ni kuonyesha shaka, na kwamba katika Mji wa Kale watu wamefanya biashara kwa kuaminiana vizazi na vizazi. Ni kweli uaminifu ulitawala. Lakini hata mabaharia wa majahazi waliotia nanga katika bandari ya kale walilipwa kwa mafungu ya faida, na kila mmoja alilijua fungu lake kabla ya tanga kupandishwa. Hakuna aliyengoja kufika Lamu au Maskati ndipo aulize.

Waajiri nao wana faida. Mkataba ulio wazi huwaepushia kesi ndefu na aibu ya hadharani. Kwa mashirika ya umma jambo hili ni zito hata zaidi, kwani bosi akifukuzwa kiholela kisha akashinda kesi, fidia hutoka katika fedha za umma, si mifukoni mwa wanachama wa bodi waliomfukuza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi ni mali, na mkataba ndio daftari lake. Kila anayelipwa kwa mwezi, awe katika ghorofa za barabara ya Moi au katika afisi ndogo nyuma ya Fort Jesus, anafaa kuutoa mkataba wake kabatini leo, ausome angali kazini, na aulize maswali wakati bado kuna mtu wa kumjibu.