Kweli Isemwe Kabla ya Kung'oa Nanga

Dini na mila zetu zatufunza kusitiriana. Aibu ya jirani si mazungumzo ya barazani, wala si kila kweli lazima isemwe. Lakini sitara ina mpaka: hukoma pale ukimya unapohatarisha roho za watu.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi. Ilipakia watu zaidi ya 2,000, ilhali uwezo wake ulikuwa abiria wapatao 600. Tume ya uchunguzi ilihesabu zaidi ya watu 1,500 waliokufa au wasioonekana tena. Msongamano wa namna hiyo haufichiki gatini.

Basi mwenye kujua idadi na aitaje kamba zingali zimefungwa, hata akichukiwa na wenye meli, na mkubwa wake, au na abiria wenye haraka. Na kiongozi anayeambiwa asimwite msema kweli mchochezi. Ahadi ya mwanachama yatutaka tuseme kweli daima. Kweli inayongoja msiba huwa tanzia tu.