Kipya kinyemi, ingawa kidonda

Mama mwenye akili akinunua chungu kipya sokoni hakitii maharagwe siku ileile. Hukijaza maji, hukiacha usiku kucha, na asubuhi hutazama kama chini pamelowa. Je, sisi tunaojiita watu wa shule twafanya hivyo tukinunua diski mpya ya kompyuta? Hatufanyi. Twaitoa sandukuni, twaichomeka, na papo hapo twaikabidhi vyote tulivyo navyo.

Tuungame kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulinasa sauti ya baba yetu mzee akisimulia habari za ukoo, jioni nne mfululizo. Tukanunua diski mpya, tukaitia sauti ile humo, kisha tukaifuta katika simu ili tupate nafasi. Siku ya 12 diski ikaanza kulia kik, kik. Siku ya 13 haikufunguka tena. Naye baba alikuwa amekwisha kuzikwa. Mwenye duka alitupa diski nyingine, kwa kuwa ilikuwa na dhamana. Lakini dhamana hulipa chombo, hailipi sauti.

Kwa nini kitu kipya kife? Ndani ya diski ngumu mna visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu yake huelea kichwa kidogo cha kusomea, pasipo kugusa, kwa nafasi iliyo nyembamba kuliko unywele mara maelfu. Pigo moja safarini au ila ndogo ya kiwandani yatosha kuiharibu, na ila ya kiwandani mara nyingi hujitokeza mapema. Basi na ijitokeze diski ikiwa tupu bado!

Tufuate njia hii. Kwanza, tusome taarifa ambayo diski hujiandikia yenyewe, iitwayo SMART. Programu za bure kama smartctl au CrystalDiskInfo huionyesha. Tutazame saa ilizokwisha kufanya kazi: diski inayoitwa mpya nayo ina maelfu ya saa, hiyo si mpya. Tutazame pia hesabu ya sehemu zilizoharibika na zile zinazoshukiwa. Zote ziwe 0.

Pili, tuiamuru ijipime kwa kipimo kirefu.

Tatu, tuijaze yote, kisha tuisome yote. Katika Linux programu ya badblocks, ikiamriwa kuandika, huandika alama za namna nne, na kila namna huisoma tena. Kazi hii hufuta kila kitu, kwa hiyo tuhakikishe mara mbili kwamba tumetaja diski iliyo tupu. Diski ya terabaiti 2, ikienda megabaiti 150 kwa sekunde, itachukua saa 30 hivi. Wenye Windows watumie H2testw. Hiyo hufichua pia diski za uongo, ambazo nafasi yake ni ndogo kuliko iliyoandikwa juu. Kwetu umeme hukatika. Ukikatika katikati, tuanze tena pasipo kunung'unika.

Nne, tusome taarifa ile mara ya pili. Hesabu iliyokuwa 0 ikiongezeka, tuirudishe diski dukani siku hiyohiyo. Mwaka 2007 watafiti wa Google, waliochunguza diski zaidi ya 100,000, walieleza kwamba diski ikionyesha kosa lake la kwanza la usomaji, hatari ya kufa katika siku 60 zifuatazo huwa mara 39 kuliko ile isiyo na kosa.

Lakini tusijidanganye. Watafiti haohao waliona kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja ya dalili nne zilizo kubwa. Kupima huondoa diski mbovu. Hakuifanyi iliyo nzima kuwa ya milele. Kwa hiyo nakala ya pili ikae katika diski nyingine, nyumba nyingine, wala tusifute ya asili mpaka tumezifungua zote mbili na kuzisikiliza.

Ninyi wanafunzi, ambao babu zenu wangali wakisimulia, naseni sauti zao jioni hii. Diski yaweza kungoja siku mbili ikipimwa, nayo sauti ikakaa salama katika simu.